Moto wa Watu wa Melita

Somo: Matendo ya Mitume 28:1-11

Tunawasalimu kutoka Kicukiro, ninyi nyote mlio kambini, pamoja na ninyi mliohamishwa kutoka Gihembe kwenda Mahama mwaka 2021, na ninyi mliopanga vyumba Gatenga, Kagarama, Kanombe na kwingineko hapa Kigali. Kabla ya kuendelea tunawaomba mfungue Biblia na kusoma somo letu, maana yote tutakayosema yanatoka pale. Anayejua kusoma awasomee wasiojua.

Hali ilikuwa hivi. Watu 276 (hesabu hiyo iko katika 27:37) wamepigwa na dhoruba baharini siku 14. Meli imevunjika. Wengine wameogelea, wengine wameshikilia mbao, na wote wamefika pwani wakiwa wamelowa, bila mzigo, bila hata kujua jina la mahali. Baadaye ndipo wanapoambiwa kwamba kisiwa kile ni Melita, nchi ambayo leo inaitwa Malta. Kati yao wamo askari, mabaharia na wafungwa, na Paulo ni mmoja wa wafungwa. Nani kati yetu anahitaji kufafanuliwa jambo hili? Tuliovuka Ruzizi usiku, tulioingia Gisenyi na mtoto mgongoni, tuliopita Bunagana na sufuria moja, tunajua kulowa. Tunajua pia swali ambalo mkimbizi hulibeba moyoni akifika: watu wa hapa ni watu wa namna gani?

Watu wa Melita hawakuwa Wayahudi wala Wakristo. Hawakuwa na Torati, na jina la Yesu hawakuwa wamelisikia. Lakini waliona mvua, waliona baridi, wakawasha moto, wakawapokea wote. Hakuna aliyeulizwa anasali wapi.

Luka alikuwa mmoja wa waliolowa siku ile, ndiyo maana katika sura hii anaandika kwa kusema "sisi". Anatafuta neno la kuuitia wema alioupokea. Hapa tuliokaa kwenye benchi la chuo cha Biblia tuna deni kwenu, maana neno alilolichagua halionekani vizuri katika tafsiri. Kwa Kiyunani ni filanthropia, kumpenda mtu kwa sababu tu ni mtu. Kwa Kiswahili chetu tungesema utu. Wenyeji wetu husema ubumuntu. Jina hilo liko mara mbili tu katika Agano Jipya lote. Mara moja ni hapa, kwa wapagani waliowasha moto. Mara ya pili ni Tito 3:4, na pale linatajwa kwa Mungu Mwokozi wetu, kuhusu upendo wake uliotufunukia wokovu. Neno ni lile lile. Roho Mtakatifu hakuona aibu kuuita wema wa watu wasiomjua Kristo kwa jina la wema wa Mungu mwenyewe.

Tumeanza na neno hilo kwa sababu kuna jambo limeletwa mbele ya wazee wa kanisa, na limeshaanza kuzungumzwa vichochoroni kwa namna isiyofaa.

Mama mmoja wa kanisa letu, aliyeturuhusu kuandika habari zake bila kumtaja jina, ana binti anayesoma Kampala. Wengi wenu mlimsikia binti huyo akiimba katika kwaya ya watoto. Ameandika kwa mama yake kwamba amejiunga na kikundi cha watu wanaojiita wahumanisti, ana kadi ya uanachama, na hahudhurii tena ibada. Mama alituletea simu yake tukasoma ujumbe wote. Akauliza kama mtoto wake amepotea, na kama yeye mwenyewe bado anastahili kuongoza maombi ya akina mama siku ya Alhamisi. Kisha akauliza kama ni halali kumpokea nyumbani likizo ikifika. Swali hili la mwisho lilituumiza kuliko mengine yote, kwamba mama aone lazima aombe ruhusa ya kanisa ili amfungulie mlango mtoto aliyemzaa.

Kwanza tuelewane juu ya watu tunaowazungumzia. Mzee wetu mmoja aliposikia neno hilo alisema, "Lakini sisi wote tunakula kwa watu wa kibinadamu!" Tulicheka, ila kosa lake si kubwa, maana majina yanafanana. UNHCR, Msalaba Mwekundu na mashirika yanayogawa posho huitwa ya kibinadamu kwa sababu ya kazi yao ya kusaidia watu, na ndani yao wamo Wakristo, Waislamu na wasio na dini. Wahumanisti ni kitu kingine. Wao wanasema kwamba mwanadamu anaweza kujua jema na baya, na kuishi maisha yenye maana, kwa akili yake na kwa kuwahurumia wenzake, bila Mungu na bila ufunuo. Vyama vyao vya nchi mbalimbali viliungana mjini Amsterdam mwaka 1952, na aliyeongoza mkutano ule alikuwa Julian Huxley, mtaalamu wa viumbe ambaye kabla ya hapo alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa UNESCO. Waliandika tamko la imani yao (wao wasingependa tuliite hivyo) mwaka huo wa 1952, wakalirekebisha mwaka 2002, na tena mwaka 2022.

Wala wasidhani watu kwamba hayo ni ya Ulaya tu. Uganda wana shule. Iko shule ya msingi ya wahumanisti Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori, iliyoanzishwa mwaka 2011. Ukivuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kasindi unaingia katika wilaya hiyo hiyo. Iko sekondari yenye jina la Isaac Newton huko Masaka, si Masaka yetu ya Kicukiro bali ile ya Uganda. Kenya, chama cha wasioamini Mungu kiliandikishwa na serikali Februari 2016, kikasimamishwa mwaka huo huo baada ya malalamiko ya watu wa dini.

Juu ya chama hicho cha Kenya kuna habari moja ambayo hatuwezi kuipita. Mei 2021 katibu wake alijiuzulu, akasema amempata Yesu Kristo. Mnajua mwenyekiti alifanya nini? Alitangaza habari hiyo hadharani, akamshukuru katibu kwa utumishi wake, akamtakia heri katika maisha yake mapya na Yesu. Sisi tulipoisoma tulitazamana. Mtu akituacha sisi, je, tunamsindikiza hivyo? Au tunasema tulijua tangu zamani kwamba alikuwa kondoo mbaya, na kwamba hata mama yake alikuwa na mambo yake?

Basi na tuache kusema kwamba hawa ni watu wa Shetani wanaokunywa damu. Maneno hayo tumeyasikia hapa hapa, ni uongo, na uongo ni dhambi hata ukisemwa kwa kulitetea kanisa.

Sasa, kwa nini binti yule alikwenda kwao? Tumesoma ujumbe wake mara nyingi. Hakuandika kwamba amesoma vitabu vikubwa vikamwondolea imani. Aliandika juu ya mdogo wake.

Mdogo wake ana kifafa. Kilianza akiwa na miaka sita, familia ikiwa njiani, imekimbia vita vya Kivu. Katika mji mmoja ambao hatutautaja, mtoto alianguka mbele ya watu katika chumba cha maombi. Aliyekuwa akiongoza pale akatangaza kwamba mtoto ni mchawi, na kwamba ndiye aliyesababisha kifo cha baba. Wakamfungia siku tatu bila chakula, na maji kidogo tu, ili pepo atoke. Dada yake, naye akiwa bado mtoto, alikuwa akimpitishia maji chini ya mlango kwa kitambaa kilicholowa. Mama hakuwa na nguvu ya kupinga. Alikuwa mgeni, mjane, na wale ndio waliokuwa wamempa mahali pa kulala. Miaka mingi baadaye, Kampala, binti anamsikia mtu mbele ya kikundi akieleza kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, kwamba hakiambukizi, kwamba vidonge vyake vipo, na kwamba hakuna mtoto mchawi. Aliandika kwa mama yake: hawa ndio watu wa kwanza walioniambia kwamba mdogo wangu ni mtoto tu.

Wapendwa, huo ndio moto aliouona kwenye mvua. Mtu aliyelowa hatamwuliza anayewasha moto juu ya Utatu Mtakatifu kabla ya kuota.

Tena jambo hili si la familia moja. Kwetu Kongo, hasa Kinshasa, watoto wengi wamefukuzwa nyumbani wakaishi barabarani kwa sababu mtu mwenye Biblia mkononi aliwaita wachawi. Mpaka serikali ikalazimika kuandika katika sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, kwamba kumsingizia mtoto uchawi ni kosa lenye adhabu. Na huko Nigeria, mmoja wa wanaojulikana sana kwa kuwatetea watoto na wazee wanaosingiziwa uchawi ni Leo Igwe, mhumanisti, ambaye zamani alisomea upadre. Tunasema hayo kwa uchungu. Kazi ile ilikuwa yetu. Bwana wetu alipoletewa kijana mwenye kuanguka na kutoka povu (Marko 9:14-29), hakumwuliza kijana amemroga nani. Alimwuliza baba: hali hii ilianza lini? Ni swali ambalo daktari yeyote huuliza. Kisha akamshika mkono akamwinua. Na kama kuna anayesema kwamba kila kifafa ni pepo, asome Mathayo 4:24, aone jinsi mwandishi anavyowataja wenye pepo, halafu anawataja wenye kifafa kwa jina lao wenyewe.

Turudi Melita, kwa sababu hatutaki mtuelewe vibaya kwamba waliowasha moto ni malaika. Soma mstari wa 3 hadi wa 6. Paulo anakusanya kuni. Nyoka anatoka kwa sababu ya joto, anamng'ang'ania mkononi. Watu wale wale wenye utu, papo hapo, wanahukumu kwamba huyu lazima ni mwuaji, haki ya mbinguni imemfuata kutoka baharini. Ni maneno yale yale tunayoambiwa sisi: mngekuwa watu wema msingefukuzwa kwenu. Wakamngojea avimbe. Alipokosa kuvimba wakageuka wakasema ni mungu. Kwa muda mfupi mtu mmoja amekuwa mwuaji, kisha mungu, naye hakuwa hata kimoja. Wema wao ulikuwa wa kweli, lakini macho yao juu ya mwanadamu hayakuwa na pa kusimama. Hapa ndipo sisi tunapoachana na wahumanisti, na tunaachana nao waziwazi. Wao wanasema mwanadamu ana thamani, basi, hapahitaji kuongezwa neno. Sisi tunasema ana thamani kwa sababu ameumbwa kwa mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27), na kwamba thamani hiyo haishuki akiumwa na nyoka wala haipandi akipona. Tungependa binti yetu alisikie hilo. Ila alisikie kutoka kwa watu ambao hawakumfungia mdogo wake.

Kuna jambo jingine, na sisi tunaoishi Kicukiro hatuna ruhusa ya kulipita. Vijana wa hapa, wenyeji na wakimbizi, wanatuuliza: Mungu alikuwa wapi mwaka 1994, na wachungaji walikuwa wapi? Anayeishi mtaa huu anapita kila siku mbele ya chuo kilichokuwa shule ya ufundi ya ETO. Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994 watu walikimbilia shuleni pale, kwa sababu palikuwa na askari wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa. Wakafika karibu 2,000, wengi wao Watutsi. Tarehe 11 Aprili, baada ya wageni wa kizungu kuchukuliwa, askari wale nao wakaondoka na magari yao. Waliobaki wakazingirwa, wakaongozwa kwa miguu mpaka kilima cha Nyanza, wakauawa. Ukumbusho wao uko pale Nyanza ya Kicukiro, na kila tarehe 11 Aprili watu hukusanyika. Sisi wageni tunakwenda tukikaa nyuma, kwa heshima ya wenye msiba.

Na katika mauaji yale ya kimbari dhidi ya Watutsi, makanisa hayakuwa kimbilio. Ntarama na Nyamata waliuawa ndani ya makanisa. Mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, aliyekuwa mkuu wa kanisa lake katika eneo la Kibuye, alihukumiwa na mahakama ya Arusha, Februari 2003, kifungo cha miaka 10 kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Alikuwa kiongozi wa kwanza wa kanisa kuhukumiwa pale. Kijana akituambia kwamba kwa sababu ya mambo hayo hataki tena kuona kola ya mchungaji, sisi hatumkemei. Tunamwombea akiwa hayupo, na akiwapo tunamsikiliza.

Lakini nasi tuna neno la kumwambia, akipenda kulisikia. Pale ETO walioondoka hawakuondoka kwa jina la Mungu. Walikuwa chini ya bendera ya bluu, bendera ya shirika lililotangaza mwaka 1948 haki za kila mwanadamu, tamko zuri ambalo mhumanisti yeyote angelitia sahihi. Tamko halikumshika mtu mkono siku ile. Msalaba mikononi mwa wengine haukuzuia upanga, na bendera ya utu haikuzuia magari kuwashwa. Kwa hiyo hakuna kati yetu, aliye na Mungu na asiye naye, anayeweza kusimama juu ya kilima cha Nyanza akamnyoshea mwenzake kidole.

Nani basi aliyesimama? Wako Wakristo waliosimama, na Waislamu pia, na wengine wao waliuawa. Lakini sisi tumezoea kuwatajia vijana habari ya Zura Karuhimbi wa Musamo, huko Ruhango. Alikuwa mwanamke mzee, mganga wa kienyeji, na majirani walimwogopa kwa uchawi. Alificha watu zaidi ya 100 nyumbani kwake na shambani. Wauaji walipokuja mlangoni aliwatishia kwa mizimu, akatikisa bangili zake, akawaambia wakiingia watajiletea laana. Wakaogopa, wakaondoka. Serikali ilimpa nishani mwaka 2006, naye akafariki Desemba 2018. Yule ambaye katika vyumba vingine vya maombi angefungwa kamba kwa ajili ya uchawi, aliutumia uchawi aliosingiziwa kuwa ukuta wa kuwakinga watu. Bwana Yesu alipotaka kumfundisha mwanasheria maana ya jirani alichagua Msamaria (Luka 10:25-37), mtu ambaye ibada yake haikuwa safi machoni pa Wayahudi. Hatujui kwa nini tunaendelea kushangaa.

Sasa uamuzi. Wazee walikaa jioni mbili. Hawakuanza wakiwa na nia moja, na hatutaficha hilo. Walio wengi mwanzoni walitaka jina la binti lifutwe katika daftari la washirika, na mama apumzishwe uongozi kwa muda. Waliitegemea 2 Wakorintho 6:14, juu ya kutofungwa nira na wasioamini. Ni Neno la Mungu, tunalikubali. Lakini Paulo yule yule, katika 1 Wakorintho 5:9-10, anafafanua kwamba hakuwakataza kuchangamana na watu wa dunia hii, maana ingewabidi wahame duniani. Na Paulo yule yule alikusanya kuni pamoja na wapagani. Msiupite mstari wa 3 haraka. Mtume hakukaa kando akingoja kuhudumiwa, wala hakusema kuni za wapagani ni najisi. Aliinama, akaokota. Alikaa nao miezi mitatu. Baba wa Publio alipokuwa na homa na kuhara damu, aliingia akamwombea, akapona. Luka hasemi kwamba hata mmoja alibatizwa. Kisha walipoondoka walipanda meli ya Iskanderia yenye alama ya miungu pacha (mstari wa 11), na Paulo akasafiri nayo mpaka Italia. Hakuisujudia alama. Wala hakukataa nauli.

Kwa hiyo tumeamua hivi, na tunawaomba mlipokee kwa utulivu.

Mkristo anaweza kuokota kuni pamoja na wahumanisti. Wakichimba kisima, achimbe nao. Wakimtetea mtoto anayesingiziwa uchawi, awe mbele yao, asiwe nyuma yao. Hapa Rwanda tunafanya umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi bega kwa bega na kila mtu, na hatujawahi kusikia kwamba jembe lina dini.

Lakini kadi ya uanachama ni kitu kingine. Mtu hawezi kutia sahihi kwamba hakuna Mungu wa kumngojea, kisha Jumapili akaja kuula mkate wa Bwana anayemngoja. Hizo ni ahadi mbili zinazopingana, na anayezishika zote mbili anawadanganya watu wa pande zote. Tumelisema bila kuzunguka, na tumemwandikia binti maneno hayo hayo. Alijibu kwamba analijua hilo, na ndiyo sababu amekuwa hashiriki Meza ya Bwana tangu alipojiunga. Wapendwa, ukweli huo tunauheshimu. Wako wanaoshiriki kila mwezi na hawajasema na ndugu zao tangu tuingie nchi hii.

Jina lake litabaki katika daftari. Tumeandika mbele yake neno moja, "anangojewa". Mama ataendelea na maombi ya Alhamisi. Aliyefikiri kwamba machozi ya mama kwa ajili ya mtoto ni upungufu wa imani ajifikirie tena. Na mlango wa nyumba ya mama yule si wa wazee kuufunga wala kuufungua. Ni wake.

Binti akija likizo, msimzunguke. Hatutaki kusikia kwamba kundi limekwenda usiku kumwekea mikono asiyoiomba. Msimwulize mbele za watu kama bado anaamini. Mpeni kiti, mpeni chai, mwulizeni masomo yake yanaendeleaje. Kama akitaka kuimba na kwaya siku ya mazoezi, aimbe. Kama akiuliza maswali magumu, anayejua kujibu ajibu kwa upole (1 Petro 3:15), na asiyejua aseme hajui. Sisi wachungaji tuko tayari kukaa naye siku nzima.

Tena, kwa ajili ya mdogo wake na watoto wengine, tumeagiza mambo yafuatayo katika vyumba vyote vya maombi vilivyo chini yetu, hapa mjini na kambini. Hakuna mtoto atakayeitwa mchawi, kwa unabii, kwa ndoto wala kwa mzaha. Hakuna mtoto atakayefungishwa, kufungwa wala kufungiwa. Atakayevunja agizo hili atasimamishwa huduma siku hiyo hiyo, hata awe na karama gani.

Mtu akianguka kifafa ibadani, mashemasi wasogeze viti na vitu vigumu, wamwekee kitu laini chini ya kichwa, na anapotulia wamlaze kwa ubavu. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni. Msimkandamize. Msikimbie mate yake, hayaambukizi. Angalieni saa: mtetemeko ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali bila kungoja maombi yaishe, waombaji wanaweza kuomba ndani ya gari. Wazazi wenye watoto wa namna hii waonane na mama shemasi baada ya ibada ya Jumapili, naye atafuatana nao hadi kituo cha afya, hata kama hamjui Kinyarwanda. Vidonge vinamezwa kila siku kama daktari alivyosema. Haviachwi siku ya mfungo, na haviachwi kwa sababu mtoto amekaa miezi kadhaa bila kuanguka, mpaka daktari mwenyewe aseme.